Picha Iliyokatwa

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama, Lubumbashi. Tumeyaandika tena kwa ajili ya wale ambao hawakufika.



Papa Prezida alipotuomba tuzungumze leo juu ya picha, wengine walicheka. Mumezoea kutuona tukija na habari za mbegu, za pampu ya maji, za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Mzee mmoja alituambia pale ku mlango: "Sasa picha, tutaikula na bukari?" Ni ulizo la haki, na tutalijibu kabla ya kumaliza. Lakini tunaomba mutupe kwanza nafasi ya kueleza habari yenyewe tangu mwanzo, juu wengi wenu mulisikia kipande tu. Mulisikia kwamba binti wa chama alionyesha picha zake mjini, na kwamba mama mmoja alikasirika mpaka akaondoka. Yote mawili ni kweli. Ila aliyemkosea yule mama si binti. Ni sisi wa shirika. Njo maana tuliomba kusema sisi wenyewe.

Majina hatutataja. Wenyewe wako humu ndani, na wametupa ruhusa ya kusimulia.

Binti alizaliwa kambini Kala, ku Zambia. Wazazi wake walikuwa kati ya watu waliovuka mpaka wakati vita ilipofika Pweto, mwezi wa 12 mwaka 2000. Wakati wa kurudi, miaka ile ya 2007 mpaka 2010, wengine wenu mulipanda boti Mpulungu mukashukia Moba. Familia yake ilirudi kwa lori mpaka Pweto, kisha baada ya muda ikashuka huku Lubumbashi, ikapata nyumba ya kupanga mu Katuba. Baba yake alitaka asome mambo ya umeme. Yeye akaomba kusoma sanaa. Baba alikubali kwa shingo upande, na tunajua hivyo juu alitukuta njiani akatuuliza kama kuna kazi inayoitwa sanaa.

Kazi yake ya kwanza tuliyoiona ilikuwa imetengenezwa na kamera ya gari, ile mipira ya ndani ya magurudumu ambayo mafundi wanaitupa. Aliikata kwa makasi, akaibandika juu ya ubao, akaipaka wino kwa rola ndogo, akaweka karatasi juu yake na kuisugua kwa mgongo wa kijiko cha supu. Hakuwa na mashini. Alikuwa na kijiko cha mama yake. Alitaka kuchapa nyumba za kambi, na juu ya nyumba jina la kambi: KALA. Alipoinua karatasi, jina lilisomeka ALAK, na herufi zenyewe zimegeuka. Alikuwa amesahau sheria ya kwanza ya kuchapa: kila unachokata upande wa kuume, kinatoka upande wa kushoto. Mama yake alicheka sana, akamwambia: "Mwanangu, umeturudisha kinyumenyume."

Alitunza ile karatasi. Iko mpaka leo ku kibambazi cha chumba chake.

Tueleze kidogo hii kazi ya kuchapa, juu bila kuielewa hamtaelewa neno tunaloomba. Kuchora kwa rangi kunatoa picha moja. Ukiiuza, imekwenda. Kuchapa kunaanza na bamba, au ubao, au mpira. Unaweza kuchapa karatasi 5, 10, 20 kutoka bamba moja, na kila moja ni picha yenyewe, si fotokopi. Mchapaji anaandika chini kwa kalamu ya risasi: 1/10, 2/10, mpaka 10/10, ili kila mtu ajue ni ngapi zilizotoka.

Kuna njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni kama mihuri munayoijua: fasi iliyobaki juu inashika wino, fasi iliyokatwa inabaki nyeupe. Njia ya pili inageuza mambo. Unachukua bamba la chuma, unalikwaruza kwa sindano ngumu, unalipaka wino lote, halafu unalifuta kwa kitambaa mpaka linang'aa. Wino unabaki ndani ya mikwaruzo tu. Kisha unaweka karatasi yenye unyevu juu yake, na unapitisha vyote viwili kati ya rola mbili za chuma zinazobana kwa nguvu sana. Karatasi inaingia ndani ya mikwaruzo na kuvuta ule wino. Kwa kazi hiyo kijiko hakitoshi. Mashini njo inahitajika. Shuleni iko moja, wanafunzi ni wengi, na zamu ni ya kungoja.

Sasa, bamba la zamani la kazi hii ni shaba. Ulaya wamechora juu ya shaba kwa miaka zaidi ya 500. Rembrandt wa Uholanzi, aliyekufa mwaka 1669, alikuwa akikwaruza bamba la shaba, anachapa, anaangalia, anarudi kulikwaruza tena, anachapa tena. Binti aliposoma hivyo alifurahi sana. Alituambia: "Kumbe kitu chao cha kuchorea ni kitu cha kwetu." Na ni kweli, hapa nani hajui shaba? Mkoa huu wote uliitwa Shaba tangu 1971 mpaka 1997. Kabla ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906, mababu walikuwa wakiyeyusha shaba na kuimwaga katika umbo la msalaba, na misalaba hiyo ilikuwa feza. Misalaba mitatu iliwekwa hata ku bendera ya Katanga ya 1960. Na leo mjini muna mafundi wanaopiga shaba kwa nyundo, wakitoa sura za watu na za wanyama, wakiuzia wageni pamoja na malakiti.

Lakini kukaa karibu na shaba si kuwa nayo. Bamba jipya la shaba ni bei kali kwa mwanafunzi. Siku moja kijana alimletea kipande kizuri kwa bei ya chini kabisa. Akauliza kimetoka wapi. Akaambiwa: "Usiulize." Akakirudisha. Sisi sote tunajua nyaya za umeme zinapotelea wapi, na ni kartie gani inalala gizani baadaye.

Alitafuta njia nyingine. Aliingia imprimeri moja akaomba yale mabamba membamba ya aluminiamu wanayotumia mara moja na kuyaweka kando. Kwa kawaida yanauzwa kwa kilo kwa wale wanaoyeyusha sufuria. Alipata matano, akayakata vipande vipande, akaanza kuyakwaruza kwa sindano aliyonoa juu ya jiwe. Yanafaa. Aluminiamu ni laini, mkono hauchoki. Ubaya ni kwamba mikwaruzo inalala haraka: baada ya karatasi kama 10 au zaidi kidogo, mistari inaanza kufifia.

Kisha akataka kujaribu kulisha bamba kwa dawa badala ya kulikwaruza kwa nguvu. Kwanza alifikiri asidi ya betri. Mwalimu wake alimkataza palepale: ile inaunguza macho na ngozi, tena haimfanyii kazi anayoitaka. Akamfundisha njia nyingine, ya sulfati ya shaba na chumvi ya jikoni ndani ya maji. Bamba la aluminiamu linapakwa lami nyembamba, linakwaruzwa mpaka chuma kionekane, kisha linalazwa ndani ya yale maji ya buluu. Tuliliona kwa macho yetu mu lupango lao, asubuhi moja, ndani ya beseni ya plastiki. Maji yakaanza kutoa mapovu. Palipokwaruzwa, aluminiamu ikaliwa, na badala yake ukatoka unga mwekundu. Binti akaupangusa kwa unyoya wa kuku. Ule unga ni shaba. Ilikuwa imejificha ndani ya maji. Watoto wa jirani walijaa wakitazama. Hata sisi wenye diploma tulisimama pale kama watoto.

Tunaongeza neno kwa wazazi: kazi hiyo inafanyika nje, penye hewa, na glavu mikononi. Ile dawa si ya kunywa wala kuonja, na maji yake hayamwagwi ku mboga wala ku mufereji. Binti anayatunza ndani ya bidoni lenye alama, juu ya kabati, mbali na wadogo zake.

Mzee mmoja aliuliza wiki iliyopita kama mambo haya ya picha si desturi ya wazungu. Mzee, kwa heshima yako, huu mji ni mji wa picha. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana iliyoitwa Hangar. Mule ndani Bela alikuwa akichora kwa vidole vyake, Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki, na Mwenze Kibwanga alijaza picha nzima kwa mistari midogo midogo iliyolala pamoja kama nyasi za paa. Mwaka 1951 ikafunguliwa akademi ya sanaa. Binti alijifunza mistari yake kwa kutazama picha za Mwenze. Anasema yule mzee alikuwa akichora kama mchapaji bila kujua.

Na ninyi wenyewe munakumbuka saloni za wazazi wenu, miaka ya 1970. Ku kibambazi kulikuwa na mamba muntu, au ile picha ya Colonie belge, askari anachapa mfungwa fimbo, mkubwa anaangalia. Zilichorwa juu ya viroba vya unga na watu wa hapahapa, zikauzwa kwa wafanyakazi wa hapahapa. Tshibumba Kanda Matulu, mtoto wa mji huu, mnamo 1973 na 1974 alichora historia yote ya inchi kwa picha zaidi ya 100, na kila picha akaieleza kwa Kiswahili chetu hiki mbele ya mwalimu Johannes Fabian, aliyeandika maneno yake. Watu walikuwa na neno moja juu ya picha hizo: ukumbusho. Mtu aliinunua ili mgeni akiingia, aulize, na mwenye nyumba aanze kusimulia.

Hata kule mulikokuwa, kazi hii ya kuchapa iko. Henry Tayali wa Zambia alijulikana kwa picha alizochapa kutoka mbao. Na John Muafangejo, aliyezaliwa Angola mwaka 1943 akahamia Namibia angali kijana, alikata lino kwa kisu na kuandika maneno yake ndani ya picha, ili mtazamaji asome mwenyewe nini kilitokea. Mtu aliyevuka mpaka anaweza kuandika habari yake kwa kisu na wino.

Sasa tufike ku jambo lenyewe.

Mwaka jana binti alipewa kazi ya shule: atengeneze picha kadhaa juu ya ukumbusho wa familia. Alikuwa ameona kazi ya Sammy Baloji, mtoto mwengine wa Lubumbashi, ambaye mwaka 2006 katika kazi aliyoiita Mémoire alichukua foto za zamani za wafanyakazi wa migodi akazitia mbele ya viwanda vilivyokufa. Binti akasema: na sisi tuliorudi, foto zetu za zamani ziko wapi? Akauliza nyumba kwa nyumba. Karibu hakuna aliyekuwa nazo. Mulikimbia bila albamu, mukarudi bila albamu.

Akaja kwetu. Sisi tunazo, si moja. Shirika limewachukua foto tangu siku za kushuka ku boti. Tukampa, kwa moyo mzuri, karatasi ndogo ya matangazo tuliyoitengeneza miaka michache iliyopita. Ku karatasi hiyo kuko mama mmoja bandarini Moba, ana mzigo kichwani, anatazama mbele. Chini tuliandika maneno juu ya nguvu ya mwanamke mwenye kurudi. Binti akaipenda ile sura. Akaikwaruza juu ya bamba, akachapa karatasi 10, na kazi hiyo ikawekwa ku ekspo ya wanafunzi mjini, ndani ya fremu, taa juu yake.

Tuliwaalika wanachama. Tulikodi hata basi. Mama yule alikuja. Hakuna aliyemwambia kitu kabla. Binti hakujua kwamba mwenye sura ni mwanachama wa tawi lingine. Sisi tulijua, au tulipaswa kujua, na hatukufikiri.

Alisimama mbele ya picha muda mrefu. Tulidhani amefurahi. Kisha akasema, si kwa sauti kubwa: "Hii sura ni yangu. Na bwana yangu, mulimutia wapi?"

Hatukuelewa. Akaonyesha kwa kidole upande wa kushoto wa picha, fasi ya fremu. "Alikuwa hapa. Alishika mukono yangu. Banatuchukuaka foto kila mwaka, hatuonake hata moja. Leo ninaona moja, na munamukata."

Akatoka nje, akangoja basi akiwa peke yake.

Mume wake, wengi wenu munamkumbuka, alifariki miaka kadhaa baada ya kurudi. Mama hana foto yake hata moja. Na ile foto ya Moba ilikuwa nao wawili. Tulipotengeneza karatasi ya matangazo, tulitaka mwanamke peke yake, juu habari ilikuwa ya wanawake. Basi tulimkata mume. Ilikuwa kazi ya dakika moja ku kompyuta. Hakuna aliyesema: huyu mwanaume ni mume wa mtu.

Kesho yake tulirudi ofisini kutafuta foto nzima. Tulitafuta wiki mbili. Kompyuta ya zamani iliharibika, na nakala haikutunzwa. Ile foto haiko tena. Tulienda kwa mama tukamwambia hivyo, mu lupango lake, mbele ya watoto wake. Hatukupeleka zawadi, juu ingekuwa kama kulipa. Tuliomba msamaha. Alinyamaza, kisha akatuuliza kama tumekula.

Binti alikuwa amekuja pamoja nasi, na alikuwa amebeba karatasi zote 10 na bamba lenyewe. Akaziweka mbele ya mama, akasema: "Mama, ni zako. Ukitaka tuzichome, tutachoma." Mama akaziangalia moja moja. Akasema hapana. Akauliza: "Hiki chuma, unaweza kuongeza mutu juu yake?"

Binti akajibu kwamba juu ya bamba lile hakuna nafasi, lakini anaweza kutengeneza bamba la pili, na kuyachapa yote mawili ku karatasi moja, bega kwa bega. Ila hana foto. Atachora kutoka wapi?

Mama akasema: "Kutoka kwangu."

Ilichukua muda wa miezi. Kila Jumamosi binti alienda. Mama alisimulia, binti alikwaruza, kisha akapeleka bamba shuleni kuchapa karatasi moja ya kujaribu, na Jumamosi iliyofuata akairudisha. Njo uzuri wa bamba: picha iliyochapwa leo haifungi mlango. Unaweza kuongeza mstari, unaweza kuufuta kwa kulisugua na kulilainisha bamba, ukachapa tena. Karatasi ya kwanza mama aliitazama akasema: "Huyu ni mujomba wa mutu mwengine." Ya pili, masikio yalikuwa madogo. Ya tatu, kofia. Mume wake alikuwa akiivaa nyuma kidogo, paji la uso lote nje, mvua au jua. Ya nne, mabega yalikuwa ya mtu aliyeshiba, na siku ile hakuwa ameshiba. Watoto wakubwa wakaanza kuja Jumamosi kusaidia kukumbuka, wakabishana wao kwa wao. Mtoto wa mwisho, ambaye hamkumbuki baba yake vizuri, alikuwa anaketi pale akisikiliza. Karatasi ya saba mama aliishika, hakusema kitu, akaingia nayo ndani ya nyumba. Tukangoja. Alipotoka hakuwa nayo mkononi. Akamwambia binti: "Sasa unaweza kuandika namba."

Picha iliyotoka ina mabamba mawili. Kati yao kuna mstari mweupe, upana wa kidole, fasi ambapo chuma kimoja kinaishia na kingine kinaanza. Mkono wa mume unaanza upande mmoja na kumaliziwa upande mwengine. Tulimuuliza binti kama hawezi kuuziba ule mstari. Alisema anaweza, lakini mama amekataa. Mama alisema watu wauone.

Zilichapwa karatasi 12. Ya kwanza ni ya mama. Tano ni za watoto wake. Moja iko hapa mbele yenu, ni ya chama. Ekspo ya pili hatukuifanya mjini. Tuliifanya ku lupango la chama, siku ya Mungu baada ya misa na ibada. Binti alitundika picha zake zote ku kamba za nguo kwa vibanio: ile KALA iliyogeuka, nyumba za kambi, chimney ya Gécamines na mulima wake mweusi, mikono ya wamama wakisukuma bukari, na zile karatasi saba za kujaribu, kutoka mujomba wa mtu mwengine mpaka mwenyewe. Watu walisimama zaidi mbele ya hizo saba. Walioishi Mwange walianza kusimulia Mwange, walioishi Kala wakasimulia Kala. Ilifika jioni bado wanazungumza.

Sasa turudi ku ulizo la mzee: picha tutaikula na bukari?

Tunajibu bila kudanganya. Siku ile ziliuzwa picha nne, zote za mikono ya wamama. Haziwezi kulisha nyumba. Mjini kuna fasi za kuonyesha: iko Halle de l'Étoile, iko makumbusho ya taifa, iko kituo cha Picha kinachoandaa Biennale ya Lubumbashi tangu 2008. Milango hiyo inaweza kufunguka na inaweza kuchelewa. Hatuahidi. Tunachojua ni kwamba kijana anayejua kukata, kuchapa na kuhesabu karatasi zake ana kazi ya mikono, na kazi ya mikono haikuwahi kudharauliwa katika chama hiki. Mashini hii pia haitachapa fakture wala mialiko elfu ya harusi. Ni ya pole pole, karatasi moja moja.

Tunaloomba ni hili. Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma mu Kenya amekubali kutengeneza mashini: rola mbili za chuma nene, meza ya chuma, na usukani wa kuzungusha. Bei yake Mama wa mfuko anayo kwa maandishi. Si zawadi, ni mkopo, kama mikopo mingine ya likelemba yenu. Mashini itakaa hapa ku lupango la chama, si kwa binti wala kwa shirika. Binti atafundisha vijana 6 kila Jumamosi, bila malipo, mpaka amalize masomo. Shirika litaleta karatasi na wino wa mwaka wa kwanza. Hiyo tumeshaandika na kutia sahihi.

Lakini kuna masharti, na hayakutoka kwetu. Yametoka kwa mama. Alituita mimi na mwenzangu, akatuambia tuyaandike, kisha akatuamuru tuyasome mbele yenu.

La kwanza: hakuna sura ya mtu itakayochapwa kabla ya mwenye sura kuona karatasi ya kujaribu na kusema ndiyo. Kama amekufa, watu wa nyumba yake njo wataulizwa.

La pili: katika kila bamba, karatasi ya kwanza ni ya mwenye sura. Haiuzwi, haiombwi kwa maonyesho bila yeye.

La tatu: picha ikiuzwa, feza zinagawanywa kwa tatu: mchapaji, mwenye sura, na mfuko wa chama.

La nne linatuhusu sisi. Kuanzia leo, shirika likichukua foto ya mwanachama, litamrudishia nakala ya karatasi ndani ya mwezi mmoja, nzima, haikukatwa. Tumekubali. Na zile za zamani ambazo bado tunazo, tumeanza kuzichapisha. Ziko ndani ya boksi hili. Baada ya mkutano tutaziweka juu ya meza ile, na kila mmoja atafute yake. Kama mutaona mtu munayemjua na hayuko tena hapa mjini, mutuandikie jina nyuma kwa kalamu ya risasi. Nyingi hazina majina, na hilo pia ni kosa letu.

Neno la mwisho kwa wale wenye karatasi za zamani nyumbani, kadi za kambi, kadi za chakula, barua. Binti anaomba kuziona ili achore kutoka kwazo. Musimwachie. Mje nazo, akae nazo mbele yenu, na murudi nazo.

Tumemaliza. Mama mwenyewe alisema hataki kusimama kusema, lakini ukimtembelea na ukauliza ile picha ya mabamba mawili ku kibambazi cha saloni, karibu na kalenda, atakueleza mwenyewe, na ujue utakaa muda mrefu.

Papa Prezida, sasa neno iko kwenu.